Mbuzi mzima, mnamtoa damu ya nini?

Ndugu msomaji, mazungumzo haya niliyasoma redioni Jumapili iliyopita, na kama ilivyo ada yetu nayaleta gazetini kwa ajili ya wale waliopitwa. Redioni dakika zetu ni chache. Hapa nimeongeza mawili matatu ambayo nililazimika kuyaacha.

Nianze na swali. Aliyeliuliza ni mjomba wangu, mzee wa miaka sabini na kitu, mfugaji wa mbuzi na kondoo katika mkoa wa Dodoma. Siku hiyo nilikuwa nimekwenda kumjulia hali. Tulisimama mlangoni mwa zizi lake, yeye kaegemea fimbo, mimi nimejiinamia kwa jua. Ndani ya zizi kijana mmoja alikuwa amemshika mbuzi jike na kumwinua kidevu, na bwana mifugo kutoka wilayani alikuwa akiutafuta mshipa wa shingo kwa sindano. Mbuzi yule alikuwa mnene, manyoya yanang'aa, kiwele kimejaa. Mjomba akashindwa kuvumilia.

"Mbuzi mzima namna hii, bwana mdogo, mnamtoa damu ya nini?"

Bwana mifugo akajibu kwa adabu, lakini kwa mkato, kwamba wanatafuta brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba. Mjomba hakuridhika. Akanigeukia mimi, mtu wa redio, ambaye pale kijijini hudhaniwa kuwa najua kila kitu. "Mjomba," akasema, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo wote wawili, "wewe unaelewa?" Sikuelewa. Nilimwahidi kwamba nitatafuta na kumletea jibu.

Jibu nimelipata, nalo limetoka mbali. Swali la mjomba liliulizwa na kujibiwa miaka zaidi ya mia iliyopita katika kisiwa cha Malta, kilichoko katikati ya bahari ya Mediterania, kusini mwa Italia. Jibu lile lilifungua njia ambayo bwana mifugo wetu angali akiifuata hadi leo. Lakini liliacha pia deni moja, na deni hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Malta ni kisiwa kidogo, kidogo kuliko hata Mafia yetu. Waingereza walikitawala tangu mwanzo wa karne ya 19 mpaka kilipopata uhuru mwaka 1964, mwaka ule ule wa Muungano wetu. Lugha yao ina asili ya Kiarabu, ndiyo maana kitabu wao hukiita "ktieb", na Mswahili akilisikia neno hilo hahitaji mkalimani. Kwa Waingereza Malta ilikuwa bandari ya manowari na makao ya maelfu ya askari. Na askari wale walikuwa wakisumbuliwa na homa ya ajabu.

Homa yenyewe haikuwa na haraka ya kuua. Ilikuja polepole, ikapanda jioni, ikamwogesha mtu jasho usiku, asubuhi ikashuka. Baada ya majuma mawili matatu mgonjwa alidhani amepona, kisha ikarudi. Viungo viliuma, mgongo uliuma, wanaume wengine walivimba korodani, na wengi walishikwa na huzuni isiyoelezeka. Askari aliweza kulala hospitalini miezi miwili, mitatu, na akitoka ni gofu la mtu. Kwa kuwa ilipanda na kushuka kama mawimbi, daktari mmoja wa jeshi, Matthew Louis Hughes, katika kitabu chake cha mwaka 1897 aliipa jina lenye maana ya homa ya mawimbi. Watu wengi, hata hivyo, waliiita homa ya Malta.

Mwaka 1884 alifika kisiwani daktari wa jeshi aitwaye David Bruce, pamoja na mkewe Mary, ambaye alikuwa msaidizi wake mkubwa katika maabara. Bruce alichukua vipande vya wengu wa askari waliokufa kwa homa ile, akaviotesha, na mwaka 1887 akatangaza kwamba amevipata vijidudu vinavyoileta. Katika kazi hiyo alisaidiwa na Mmalta, Dk. Giuseppe Caruana Scicluna, ambaye jina lake hutajwa kwa nadra.

Hapo hatua kubwa ilikuwa imepigwa, lakini tazama upungufu wake. Kama kijidudu hupatikana katika wengu, basi ili uwe na hakika mtu alikuwa na homa ya Malta sharti kwanza afe. Kwa mgonjwa aliye hai kitandani, daktari aliendelea kubahatisha kati ya homa hii, malaria na homa ya matumbo. Nani kati yetu hajui mchezo huo wa kubahatisha?

Dawa ya kubahatisha ilipatikana katika damu. Mwaka 1896 wataalamu wa Ulaya waligundua kwamba mtu aliyepata homa ya matumbo, maji ya damu yake yakichanganywa na vijidudu vya homa hiyo, vijidudu hushikana na kufanya mabonge. Mwaka uliofuata, 1897, Mwingereza Almroth Wright na mwenzake wakaonyesha kwamba njia hiyo hiyo inafaa kwa homa ya Malta.

Naomba nilieleze jambo hili kama nilivyolieleza kwa mjomba, kwani bila kulielewa hadithi nzima hupotea. Kijidudu kinapoingia mwilini, mwili hutengeneza askari wake, ambao siku hizi tunawaita kingamwili. Askari hawa wanamjua adui mmoja tu, yule aliyewafanya watengenezwe. Ukichukua damu ukaiacha itulie, chembe nyekundu hushuka chini na juu hubaki maji yenye rangi ya njano hafifu. Askari wamo katika maji hayo. Sasa ukiyadondoshea vijidudu vya homa ya Malta vilivyokwisha kuuawa, mambo ni mawili. Kama askari wa adui huyo wamo, watavikamata vijidudu na kuvifunga pamoja, nawe utaona chembechembe kama maziwa yaliyokatika. Kama hawamo, maji yatabaki laini kama yalivyokuwa. Hivyo damu hutoa ushahidi hata kama mwenye damu hana habari, na hata kama hawezi kusema.

Hilo la asiyeweza kusema ndilo linalotupeleka kwa mbuzi.

Miaka ikapita na askari wakazidi kuugua. Mwaka 1904 serikali ya Uingereza iliomba Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi wa nchi ile, iunde tume ya kuchunguza homa ya Malta. Mwenyekiti alikuwa Bruce, ambaye kufikia hapo alikwisha jijengea jina huku kwetu Afrika. Mwaka 1895 huko Zululand alikuwa amegundua kijidudu cha nagana, ugonjwa wa ng'ombe uenezwao na mbung'o, na mwaka 1903 alikuwa Entebbe, Uganda, akishughulikia malale. Pengine ndiyo sababu tume ilitazama mbu kwa makini. Ilitazama pia vumbi, mifereji ya maji machafu, maji ya kunywa na pumzi za wagonjwa. Hakuna kilichotoa jibu la kuridhisha.

Mmoja wa wajumbe wa tume alikuwa Mmalta, Dk. Themistocles Zammit, mzaliwa wa Valletta mwaka 1864, mtumishi wa idara ya afya ya kisiwa. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kupima maji na vyakula. Bwana huyu alikuwa mtu wa mambo mengi: aliongoza makumbusho ya kisiwa, aliandika hadithi kwa Kimalta, na baadaye alifukua mahekalu ya mawe ya maelfu ya miaka kule Tarxien. Lakini tendo lake lililookoa watu wengi lilikuwa kupima damu ya mbuzi.

Inafaa nikueleze mbuzi walikuwa nini katika Malta ya wakati ule. Walikadiriwa kuwa 20,000 hivi, katika kisiwa chenye watu laki mbili. Ng'ombe walikuwa wachache, kwa hiyo maziwa ya watu wengi yalikuwa ya mbuzi. Wachungaji hawakuyapeleka maziwa sokoni. Waliwapitisha mbuzi wenyewe mitaani, kutoka nyumba hadi nyumba, mama mwenye nyumba akatoa chombo, na mbuzi akakamuliwa pale pale mlangoni mbele ya macho yake. Wengine waliwapandisha mbuzi ngazi mpaka ghorofani. Mnunuzi alifurahi kwa sababu aliona kwa macho kwamba maziwa hayakutiwa maji. Maziwa yalikuwa ya moto wa kiwele, masafi, matamu. Na mbuzi walikuwa wanene, wazima. Nani angewadhania vibaya?

Madaktari nao hawakuwadhania. Waliamini kwamba mbuzi hashikwi na homa ya Malta. Nyani waliotumiwa katika majaribio walikuwa ghali, na Zammit akajipatia mbuzi wachache wa kujaribia. Katikati ya mwezi Juni mwaka 1905 alitoa damu za mbuzi 6, akaziacha zitulie, akayachanganya maji yake na vijidudu vya homa. Kati ya 6, watano damu zao zikashikana.

Msomaji, hebu fikiri. Mbuzi hao walinunuliwa wakiwa wazima. Hawakuwa wakitetemeka wala kukataa majani. Lakini damu yao ilisema wamekutana na adui yule yule aliyekuwa akiwalaza askari hospitalini. Mwenzake Zammit, Meja William Horrocks, akayapima maziwa, na humo akavikuta vijidudu vyenyewe vikiwa hai. Tume ikaenda mitaani ikapima mbuzi wengi zaidi, ikakuta kwamba karibu nusu damu zao zinajibu, na takriban mmoja kati ya kumi anatoa vijidudu katika maziwa yake. Mama aliyekuwa akifurahia maziwa yasiyotiwa maji alikuwa akinunua homa kwa pesa yake mwenyewe.

Kama kulikuwa na waliosita kuamini, bahari iliwapa uthibitisho. Mwaka huo huo wa 1905 Wamarekani walinunua mbuzi wa Malta zaidi ya 60 ili wakaanzishe ufugaji kwao, maana mbuzi wa Malta walisifika kwa maziwa. Walipakiwa katika meli iliyoitwa Joshua Nicholson. Njiani mabaharia wakajinywea maziwa mabichi kwa furaha. Baadaye walipofuatiliwa, wengi wa waliokunywa walikutwa wameugua homa ile. Hapo hapakuwa na vumbi la Malta wala mbu wa Malta. Kilichotoka Malta kilikuwa mbuzi na maziwa yao.

Katikati ya mwaka 1906 jeshi likapiga marufuku maziwa mabichi ya mbuzi katika kambi na hospitali zake. Matokeo yake hayahitaji maelezo marefu. Mwaka 1905 askari wa nchi kavu zaidi ya 600 waliugua homa ya Malta. Mwaka 1907 walioshikwa hawakufika hata 20. Haikutumika dawa, wala sindano ya kinga. Amri moja tu ya chakula ilitosha, na amri hiyo ilizaliwa na damu ya mbuzi 6.

Laiti hadithi ingeishia hapo, ningefunga daftari langu na kumpelekea mjomba jibu zuri. Lakini tumesema jeshi lilipiga marufuku. Je, Wamalta wenyewe?

Wamalta waliendelea kuugua. Mwaka baada ya mwaka, kwa mamia, miongo mitatu na zaidi baada ya Zammit kuzipima zile damu. Ukisoma vitabu vya zamani utakuta mara nyingi lawama wanabebeshwa wao: kwamba walikuwa wakaidi, washamba, wanaopenda maziwa mabichi kuliko uhai wao. Mimi naona lawama hiyo ina haraka. Askari akinyimwa maziwa ya mbuzi, jeshi lilimletea maziwa ya kopo. Mama wa Valletta mwenye watoto watano, nani angemletea ya kopo? Na mchungaji ambaye mali yake yote ni mbuzi 15, akiambiwa nusu yao wachinjwe kwa sababu maji ya damu yao yamefanya chembechembe katika kichupa cha kioo, atakula nini kesho? Mbuzi wake anamwona mzima. Anayemwambia ni mgonjwa ni mtu wa serikali ya kigeni, na mtu huyo hana fidia mkononi.

Zammit alikuwa katikati ya moto huo. Yeye ni Mmalta, anaijua njaa ya watu wake, na yeye ndiye aliyeipata siri ya mbuzi. Mpaka mwaka 1938 ndipo serikali ilipoanzisha kiwanda cha kuchemsha maziwa na kuyasambaza yakiwa salama. Zammit alikuwa amefariki mwaka 1935, miaka mitatu kabla. Hata baada ya hapo ugonjwa haukuisha mara moja. Mwaka 1995 ulilipuka tena kisiwani, safari hiyo kwa njia ya jibini lililotengenezwa kwa maziwa mabichi.

Hilo ndilo deni nililolitaja mwanzoni. Damu ilisema kweli mwaka 1905, na askari waliitumia kweli hiyo kwa mwaka mmoja tu. Raia walingojea miaka 33, kwa sababu aliyepima hakuulizwa swali la pili: mbuzi huyu, nani atamlipia?

Hata heshima ya ugunduzi haikugawanywa sawasawa. Mwaka 1918 Mmarekani, Bi Alice Evans, alichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba vijidudu vya homa ya Malta ni ndugu wa karibu wa vile ambavyo Mdenmark Bernhard Bang alivipata mwaka 1897 katika ng'ombe wanaotupa mimba. Wakubwa wa fani hiyo hawakutaka kumwamini, kwani alikuwa mwanamke na hakuwa na shahada ya udaktari. Baadaye walikubali, lakini yeye mwenyewe aliambukizwa maabara mwaka 1922 na kuteseka kwa miaka mingi. Mwaka 1920 ukoo mzima wa vijidudu hivyo ukapewa jina la Bruce, na hilo ndilo jina analolitamka bwana mifugo wetu kila siku: brusela. Zammit naye alipewa heshima ya kuitwa Sir mwaka 1930. Hata hivyo nje ya Malta ni wachache wanaomtaja.

Turudi sasa zizini kwa mjomba.

Kipimo ambacho bwana mifugo hutumia leo ni mjukuu wa kile cha Zammit. Hukiita Rozi Bengali, kwa jina la rangi yake ya waridi. Vijidudu vilivyouawa hutiwa rangi hiyo, tone lake likawekwa juu ya kibao cheupe pamoja na maji ya damu ya mbuzi, vikakorogwa kwa kijiti na kutikiswa kwa dakika nne. Yakibaki laini, mbuzi yu salama. Yakifanya chembechembe za waridi, kuna shaka. Ni kipimo rahisi na cha bei nafuu, na mtu hahitaji hata hadubini.

Lakini kina mipaka yake, na mfugaji ana haki ya kuijua. Kwanza, kilitengenezwa kwa kumfikiria ng'ombe. Kwa mbuzi na kondoo huweza kumpitisha mgonjwa kama mzima, ndiyo maana wataalamu hushauri kuongeza maji ya damu, matone matatu kwa tone moja la rangi badala ya nusu kwa nusu. Pili, kipimo kinawaona askari, adui mwenyewe hakimwoni. Mnyama aliyepata chanjo, ile iitwayo Rev-1 iliyotokana na kazi ya maabara ya Marekani katika miaka ya 1950, naye ana askari wale wale, na kipimo hakiwezi kumtofautisha na mgonjwa. Ndiyo sababu chanjo hiyo siku hizi hudondoshwa jichoni badala ya kudungwa, ili askari wasikae katika damu kwa muda mrefu. Tatu, mnyama aliyeambukizwa juzi huenda askari wake hawajatosha kuonekana. Kwa hiyo bwana mifugo makini hahukumu kwa mnyama mmoja na kipimo kimoja. Hupima kundi zima, na damu zenye shaka huzipeleka maabara kwa kipimo cha pili.

Kwa nini basi bwana mifugo alifika kwa mjomba? Alifika kwa sababu ya homa ya mjomba mwenyewe. Kwa miezi minane mzee alikuwa akipanda na kushuka. Zahanati ya kwanza walimwambia malaria, akameza dawa. Homa ikapungua kama ilivyo desturi yake, wakasema mnaona, kisha ikarudi. Wakasema homa ya matumbo, akadungwa sindano. Ikapungua, ikarudi. Wajukuu wakaanza kunong'ona mambo ya kurogwa. Hadi daktari mmoja kijana alipomwuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza: "Mzee, unafuga nini?" Akamwuliza tena kama mbuzi wake hutupa mimba, na nani huwasaidia kuzaa. Mjomba akainua mikono yake miwili. Huwazalisha kwa mikono hiyo mitupu, tangu ujana wake.

Usidhani mjomba ni mtu wa pekee. Watafiti waliwachunguza wagonjwa waliolazwa kwa homa kali mjini Moshi katika miaka ya 2007 na 2008, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Zaidi ya nusu ya wagonjwa hao walikuwa wameandikiwa kuwa na malaria, lakini waliothibitika kuwa nayo hawakufika hata 2 katika kila 100. Baadhi yao walikuwa na magonjwa yatokayo kwa wanyama, brusela ikiwamo. Kule Endulen, Ngorongoro, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 ulivikuta katika damu za wagonjwa wa jamii ya wafugaji vijidudu vya aina ile ile ya Malta, aina ya mbuzi na kondoo. Na jirani zetu wa magharibi mwa Kenya walipata funzo la upande wa pili: utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kipimo cha haraka kilichokuwa kikitumika katika vituo vya afya kiliwaambia watu wengi wana brusela hali hawana. Kwa hiyo kukosa kipimo ni hasara, na kipimo kibaya nacho ni hasara. Anayetibiwa brusela hunywa dawa kwa wiki sita, kwa gharama zake. Si jambo la kubahatisha.

Wewe wa mjini unaweza kusema hayo ni ya wafugaji. Mbuzi wa supu yako ya asubuhi alipita mnada wa Pugu na machinjio ya Vingunguti kabla ya kufika kwako. Nyama iliyoiva haina neno, kula kwa raha zako. Lakini aliyemchinja na kumpasua mbuzi yule kwa mikono mitupu alikuwa hatarini kwa ajili yako. Na maziwa mabichi yanayouzwa kwenye madumu mtaani kwako, au mtindi uliogandishwa bila maziwa kuchemshwa kwanza, hayo ni yale yale ya ngazi za Valletta.

Matokeo ya mjomba yalirudi baada ya wiki tatu. Kati ya mbuzi na kondoo wake 31, tisa damu zao zilijibu vipimo vyote viwili. Yule mbuzi mnene mwenye kiwele kilichojaa alikuwa mmoja wao. Bwana mifugo akasema wote tisa waondolewe kundini, wachinjwe, wasiuzwe kwa mfugaji mwingine. Mjomba akanyamaza kwa muda, kisha akauliza lile swali la pili, swali la Malta.

"Nani atanilipa?"

Kijana yule alitazama chini. Hakuwa na jibu, na mimi sikumlaumu, kwa sababu lile halikuwa swali la kumwuliza bwana mifugo peke yake.

Mjomba amemaliza dawa zake na homa haijarudi. Mbuzi aliwachinja mmoja mmoja kwa muda wa mwaka, aliyechinja akiwa amevaa glavu nilizompelekea kutoka mjini. Maziwa sasa yanachemshwa mpaka yafure, na mbuzi akizaa au akitupa mimba, kondo la nyuma halishikwi kwa mkono mtupu, linazikwa. Wanane wamekwisha. Wa tisa, yule mnene, bado yupo. Nilipomwuliza kwa nini, aliniambia watoto wa marehemu binti yake hawana maziwa mengine. Amemtenga katika kizizi chake peke yake, na maziwa yake anayachemsha yeye mwenyewe, hamwachii mtu. Bwana mifugo anajua, na kila akipita anamkumbusha.

Nimempelekea jibu lake, kama nilivyoahidi. Nimemweleza kwamba mbuzi mzima hutolewa damu kwa sababu uzima wake ndio unaotuficha ugonjwa. Amekubali. Lakini swali lake la pili nimerudi nalo mjini, na leo naliweka mbele ya wenye kupanga bajeti za mifugo na za afya. Kupima damu ya mbuzi tunajua tangu mwaka 1905. Kumlipa mwenye mbuzi ndiko ambako hatujajifunza.

Tukutane tena Jumapili ijayo, saa ile ile.